Kila Shamba na Kazi Yake

Ufuta ukishakatwa na kusimamishwa juani matita kwa matita, hutoa harufu ya mafuta mabichi yenye uchungu kidogo, harufu inayoshika nywele, nguo na hata uji wa asubuhi. Kijijini kwetu, kati ya Nachingwea na Ruangwa, harufu hiyo ilitutangazia kwamba sasa pesa zitaingia. Mama aliketi kando ya mkeka akipiga matita taratibu kwa kijiti, punje zikamwagika, nasi watoto tukafukuza kuku. Walikuwa kuku wajanja wasio na haya hata kidogo. Ukimfukuza mmoja huku, mwenzake ameshaingia kule, na mama anakuuliza kama macho umeyaweka akiba.

Mama hakujua kusoma. Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto wa watu methali hiyo miaka mingi, huku nikijua moyoni kwamba nyumbani kwetu haikuwa kweli. Kabla mbegu hazijaingia ardhini, mama alitukusanya sote akatupitisha shamba kwa shamba. Alisimama katikati ya kila moja akalitamkia kazi yake kwa sauti. La bondeni, lenye udongo mweusi: “Wewe ni wa kodi.” La njiani: “Wewe ni wa chumvi, mafuta ya taa na nguo.” La tatu lilikuwa dogo, limebanwa na kichuguu, nalo aliliambia, “Wewe ni wa kutufurahisha.” Kwa shamba hilo tulinunua sukari, tukapika pilau ya Maulidi, tukawatembelea ndugu wa Mbekenyera mikono yetu ikiwa na kitu. Kazi hizo hazikubadilishwa. Mama alisema ukimtuma mtoto kuni na maji kwa wakati mmoja, atarudi mikono mitupu. Majirani walimcheka kwamba anaongea na mchanga. Naye alicheka nao, kisha akaendelea kuongea na mchanga.

Sababu ya mambo haya ilikuwa baba. Nilipokuwa mdogo sana alikwenda umanamba, kukata mkonge wa watu huko mbali kwa mkataba, kwa kuwa kodi ya kichwa ilikuwa imemfikia hana kitu. Mkataba mmoja ukazaa mwingine. Aliporudi nilikuwa na akili ya kutosha kuongea, lakini si ya kumjua. Nilimwona mwanamume mrefu akinawa mikono penye mtungi wetu, akila na sisi, akilala kwetu. Siku ya tatu nikamuuliza mama, mbele yake, “Huyu mgeni anaondoka lini?” Wapo waliocheka. Mama akasema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” akamkabidhi baba jembe ili kufunika jambo. Baba alilipokea akatoka nalo shambani. Tangu hapo mama alikuwa na shabaha moja tu, na mashamba yale yote aliyatuma huko: baba asiondoke tena.

Bahati nzuri Wazungu walikuwa wameanza mashamba yao makubwa ya karanga Nachingwea, baba akapata kazi ya kung'oa visiki. Alikuwa akija nyumbani kila mwisho wa juma, ananuka vumbi na grisi. Siku hizo wanaume wa kwetu walipata pesa ambazo baba zao hawakuziota. Mmoja alinunua santuri, mwingine koti zito la baridi akalivaa kwenye jua kali mpaka akaugua. Bakari, rafiki wa baba, alinunua baiskeli nyeusi yenye kengele, na alipopita barabarani hata mbuzi walijua ni Bakari. Baba aliitamani mno baiskeli ile. Usiku alitusimulia kuhusu taa yake, dinamo yake na kiti chake cha nyuma.

Kisha mambo ya karanga yakaenda mrama, mitambo ikaanza kufungashwa, na baba akarudi na mshahara wa mwisho kiunoni. Pesa zile zilitosha baiskeli. Au zilitosha kodi ya mwaka ule, jembe jipya na chakula cha majirani watakaokuja kutusaidia kulima. Vyote viwili havikuwezekana. Asubuhi ya kupanda, mama alitupitisha mashambani kama kawaida, nasi tukamfuata bila michezo, maana hata sisi wadogo tulijua kwamba baba kesho yake anataka kwenda dukani. (Nyumbani tulisema Kimwera, kwa hiyo maneno yao hapa nayavika Kiswahili.)

“Na la baiskeli liko wapi, Mama Somoe?” baba akauliza tulipomaliza. Somoe ndiye mimi.

“Chagua mwenyewe, Baba Somoe,” mama akajibu. “Utakaloliachisha kazi yake, ndilo la baiskeli.”

Baba akarudi nyuma peke yake. Alisimama bondeni kwenye shamba la kodi, muda mrefu, akiupekecha udongo kwa kidole cha mguu. Akaja la njiani, akatutazama sisi na vitambaa tulivyovaa. Mwisho akapanda kwenye lile dogo la kichuguu, akalipima kwa macho, akacheka kwa uchungu.

“Basi hili. Lakini hili litachukua miaka mingi.”

“Kwani una safari?” mama akauliza.

Baba akafungua kibindo, akampa mama pesa zote, akashika jembe. Nilimpenda sana siku ile, ingawa nilikuwa bado namwonea haya.

Ufuta ulipofika magotini, lori la kuandikisha watu wa mkonge likaja. Nilikuwa barabarani na watoto wenzangu, tukaona wanaume wakipanda mmoja mmoja, Bakari miongoni mwao. Kodi ilikuwa imemkuta ana kengele lakini hana senti, na baiskeli amemwachia kaka yake. Sijui ni nini kilichoniingia. Nilikimbia kurudi mashambani, miiba ikinichana, nikiwa na hakika kwamba nitakuta jembe limelala peke yake. Baba alikuwa bondeni, ameinama, anapalilia. Akanyanyua uso akaniuliza, “Vipi, umefukuzwa na nyuki?” Nikakaa chini nikalia. Akadhani ni nyuki kweli, akanikagua kichwa kizima.

Baiskeli ilikuja, kuukuu, inalia kama mlango, nami nilikuwa karibu kuolewa.

Sasa wanangu wako Dar es Salaam na Dodoma. Wana akiba za kwenye simu, wana vikundi, wanahudhuria semina wanakofundishwa kuandika malengo yao ya miaka mitano. Nawasifu, maana sisi hatukuwa na benki wala bima, na ukame mmoja ungeweza kutuangusha. Huniletea mipango yao niibariki: kiwanja, gari, biashara ya pili, kazi ya nchi nyingine yenye mshahara mnono. Ni mipango mizuri. Mimi huisoma yote, kisha huwauliza pesa hizo zimetumwa wapi, nao hudhani bibi kizee hajaelewa hesabu.

Mama yangu hakutuachia nyumba ya bati. Lakini baba alizeeka mbele ya macho yangu. Nilijua kikohozi chake, hadithi zake alizozirudia, ubishi wake wa bao, namna alivyotafuna muwa kwa kelele mpaka nikaudhika nikahamia chumba kingine. Nilimzoea baba yangu hadi nikamchoka. Hicho ndicho tulichonunua.