Misalaba Hamsini na Tisa ya Ngoie

Saa mbili asubuhi. Katika yadi ya stesheni ya Kamina, Ngoie Kitwa anainama kando ya behewa, anagonga gurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu na kutega sikio. Gurudumu zima hulia vizuri; lenye ufa hutoa mlio mfu. Na hili je? Ngoie anasita. Anagonga tena, kisha analichora msalaba wa chaki.

Msalaba ukichorwa, behewa haliondoki. Gurudumu linapelekwa karakana, linapakwa mafuta na chokaa mpaka ufa, kama upo, ujionyeshe. Hapo hakuna ubishi.

Ngoie, baba wa watoto sita, ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Sasa inataka kumponyoka. Mwezi uliopita aligonga magurudumu elfu moja, akachora misalaba hamsini na tisa. Karakana ikakuta nyufa tisa tu. Hamsini mazima!

"Citoyen Ngoie, uko naogopa ao uko nalala?" anafoka Tshimanga, mkuu wa karakana. "Matreni iko nachelewa juu ya chaki yako. Mwisho ya mwezi, nyundo ntaipatia muntu mwingine."

Ajabu ni kwamba mwezi wa Januari Tshimanga huyohuyo alimpa mtihani: magurudumu arobaini, nusu yana ufa, nusu mazima. Ngoie alinasa nyufa kumi na nane kati ya ishirini, na kati ya mazima akasingizia moja tu. Alipigiwa makofi.

"Masikio njo ileile, nyundo njo ileile," analalamika. "Namna gani Januari nilikuwa muntu wa akili, na leo niko mujinga? Mimi sielewe."

Mwandishi wa habari hizi naye hakuelewa. Alijaza kurasa mbili za hesabu akiwa ameketi kwenye benchi la stesheni, akabaki kukuna kichwa.

Aliyetufungua macho, tena nusu, ni Mbuyi, mke wa Ngoie. Ngoie na mimi tulimkuta nyumbani akichagua maharage.

"Baba Mwanza," anamwambia mumewe kwa jina la mtoto wao, "mu mtihani balikuwekea mbaya nusu, muzuri nusu. Ku yadi, mu elfu moja, mbaya ni kama kumi tu. Ile yote ingine ni muzuri. Ukikosea moja mu kila makumi mbili, si itafika hamsini?"

Ngoie anahesabu kwa vidole, anapotea, anaanza upya.

"Basi sikio yangu ni muzuri, na chaki yangu ni ya bongo, inadanganya?"

"Byote mbili, baba."

Jibu hilo linamchanganya zaidi. Anarudia vidole vyake, halafu anainua uso.

"Umesema mbaya kumi. Karakana ilipata tisa."

"Mu mtihani, mu kila kumi ulikuwa unapoteza moja," anasema Mbuyi taratibu, na mikono yake inaacha maharage.

Ngoie amevaa kofia. Anakwenda kwa Tshimanga, na si kujitetea. Anataka Mputu, mwenzake wa zamu, agonge nyuma yake kila gurudumu, hata yale yasiyo na chaki. Anatumaini atasikilizwa kabla nyundo haijachukuliwa.

"Bote banauliza juu ya ile hamsini," anasema mlangoni. Treni ya Luena inapiga honi. "Ile moja ya ufa yenye ilinipita, hakuna muntu anaiuliza. Na njo ile yenye iko natembea."