Kiungo cha Kufunguka Mara Moja

Nikimkumbuka yule muuza vocha, mate yananijaa mdomoni, na si ya njaa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Gisenyi. Wateja wangu wa mbali hunitumia picha wakiwa nusu uchi ili niuone mwili kabla sijakata kitambaa, na sitaki picha za namna hiyo zizurure. Kwa hiyo nyumbani nina kompyuta ndogo, naiendesha mwenyewe. Picha zinakaa humo. Anayehusika anapata kiungo cha mtandao tu, kinafunguka mara moja tu, kisha zinajifuta. Nilijivunia kitu hicho kupita kiasi.

Binti wa marehemu kaka yangu alipoolewa, mama yake alikuwa kwake Goma, miguu imevimba, hawezi kuvuka mpaka. Siku ya hina, ya wanawake peke yao, bibi harusi alikaa kichwa wazi, mabega wazi, nywele zimemwagika mgongoni. Akaniambia, "Shangazi, mama tu. Asione mtu mwingine." Nikampiga picha tatu, nikamtumia wifi yangu kiungo, nikazifuta kwenye simu yangu kama kawaida.

Sikumuuliza wifi kama anajua kukifungua. Mtaani kwao, ujumbe usioeleweka unapelekwa kwa muuza vocha wa kona, akufungulie. Akina mama wazima wanamkabidhi simu zao. Nilijua hilo, na sikulifikiria. Ovyo kabisa.

Kesho yake wifi akapiga.

"Dada, ile kitu yako inakataa. Yule bwana alifungua, akaangalia, akaita na wenzake benye pikipiki. Njo akanirudishia simu, hakuna kitu. Lakini bon, banasema mutoto iko muzuri sana. Iko na alama nyeusi hapa, chini ya bega."

Majibaba yasiyojulikana yamemkodolea macho mtoto wetu, kisha yamemsimulia mama yake mwili wa mwanawe, naye amefurahi! Nililichukia lile jibaba la vocha, nikajichukia na mimi. Kompyuta yangu ilifanya kazi yake sawasawa: picha zilijifuta kabla mama hajaziona.

Bibi harusi alikuwa ananisubiri nikate simu.

"Shangazi, mama ameziona?"

Nikamwambia ameziona, amelia kwa furaha. Akanikumbatia kwa mikono yake yenye hina, akanishukuru kwamba hakuna mwanamume aliyemwona.