Tumbo la Sangala

Nilipokuwa msichana mdogo, nyumbani kwetu Kalemie, chakula kitamu kuliko vyote kilikuwa na sheria zake. Nasema tumbo la sangala, samaki mkubwa wa ziwani kwetu, ile minofu myeupe iliyoshiba mafuta, ambayo ukiipika kwa mawese mchuzi unang'aa na vidole vinanata mpaka jioni. Wanaume walilila wakati wowote. Mwanamke alilila mume akiwa nyumbani tu. Mume au mwana akiwa ziwani, mke au mama asiliguse, kwa sababu mafuta anayomeza yangemfuata mtu wake majini na kulainisha mbao za boti, mwenyewe akateleza na kuzama.

Nacheka nikiandika haya, lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Mlinzi mkali wa sheria hiyo alikuwa Koko, mama yake Papa, aliyeishi nasi.

Mwaka ambao meno yangu ya mbele yalikuwa yakiota upya, Papa alipanda boti kwenda Moba kununua maharage ya Kirungu. Alimwacha Mama na mtoto mchanga, mdogo wangu wa kiume. Mama alikuwa amekonda, maziwa hayatoki, na mtoto alilia kwa sauti ndogo iliyozidi kufifia. Sauti ile ilinitisha kuliko kelele. Majirani walileta uji, haukusaidia kitu.

Asubuhi moja Koko alirudi kutoka sokoni na sangala. Nilidhani atatupikia kichwa na mkia, na tumbo atalikausha kwa moshi kumngojea Papa. Alilipika lote, mawese hata hakuyapima, akaweka sahani mbele ya Mama. Mama akarudisha mkono nyuma.

"Mama, Papa ya batoto iko ku maji."

"Ninajua kwenye iko. Miye njo nilimuzaa," Koko akasema. "Na huyu, wewe njo ulimuzaa. Kula."

Mama alikula akilia, halafu akala bila kulia. Sijasahau kidevu chake kilivyong'aa. Kesho yake alikula tena, na maziwa yakaanza kuja. Mtoto akanyonya, akalala, nyumba ikatulia.

Ndipo upepo wa kusini ulipoanza. Siku ambayo Papa alitazamiwa, ziwa lilichafuka na hakuna boti lililoingia. Mama aliisukuma sahani. Koko akaisogeza tena mbele yake. Yeye mwenyewe alikaa pembeni akimega ugali na kuuchovya kwenye chumvi. Nilimpelekea kipande cha samaki, akakirudisha, akasema meno yanamuuma. Nilimwamini, maana alikuwa nayo machache.

Papa alifika kesho yake mchana, amelowa lakini mzima. Walikuwa wamejibanza kwenye ghuba ndogo hadi upepo ulegee. Alipochungulia sufuria akauliza ni nani amekula tumbo. Mama aliinama.

"Ni miye," Koko akasema.

Papa alimtazama mama yake mwenye midomo mikavu, kisha akamtazama mkewe, kisha mtoto aliyelala na maziwa kwenye shavu. Hakuuliza tena. Koko akavuta sahani karibu yake. "Sasa munipatie na miye," akasema, na meno hayakumuuma tena.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kuonyesha kwamba siku ile Koko aliiacha imani yake. Nilikosea. Aliamini, na bado alipika. Hofu yote aliibeba yeye ili Mama ale kwa amani, na mpaka leo nikimkumbuka moyo wangu unajaa.

Siku hizi tunaogopeshwa kwa njia nyingine. Kila wiki simu inaniletea onyo jipya kwamba mafuta yanaziba moyo, nami nalisoma huku nikilamba vidole. Na lile la ziwa, huwa nasema mbele ya watu kwamba siliamini hata kidogo. Mwanangu wa kwanza ni fundi wa injini kwenye boti la mizigo, na mkewe amejifungua juzi. Jumapili, mume akiwa njiani kwenda Moba, nilimpikia mkwe wangu huyo tumbo la sangala. Alikula mpaka akaifuta sahani kwa tonge la mwisho, kisha akaniuliza mbona mimi sili.

Nikamwambia meno yananiuma, nikachovya ugali wangu kwenye chumvi.