Kigelegele cha Bi Zuhura

Ipo siku moja naikumbuka hata nikiwa na tonge mkononi, mwanangu. Ni siku niliyopiga kelele za mwizi pamoja na watu wengine, kumbe mwizi anayesakwa ndiye mimi.

Nisingekusimulia leo kama si mjukuu wangu anayesoma chuo Dodoma. Juzi alinipigia simu. "Shikamoo babu. Nisaidie fasta. Kiingereza kina scream, kina shout, kina yell, na kila moja lina mahali pake. Sisi tuna nini zaidi ya kupiga kelele?"

Nikamwambia tunayo tele. Mwenye hasira hufoka. Mwenye bidhaa hunadi. Aliyepatwa na la kumpata hupiga yowe, mwanamke aliyeona hatari hupiga ukunga, na asiyejua anachosema hupayuka. Nikawa nimeshanogewa, nataka kumweleza kila moja linatumika wapi na kwa nani, akasema, "Asante babu, umeniokoa, naingia darasani," akakata. Nikabaki na simu sikioni kama mtu anayesikiliza bado. Basi yaliyobaki nakupa wewe, maana mazungumzo yakishaanza hayarudi tumboni kirahisi.

Nilikuwa kijana wa Gerezani, kwenye nyumba za reli, na kazi yangu ilikuwa kubeba mizigo Kariakoo. Kazi ile ina utaratibu wake. Mbebaji anatangulia, mwenye mali anafuata nyuma. Mbebaji hasimami, kwa sababu robota likishakaa kichwani kusimama kunachosha kuliko kutembea. Wala hageuki, kwa sababu shingo haigeuki. Kazi ya kutopoteana ni ya mwenye mali. Sisi wetu ulikuwa mdomo tu: "Mzigo! Mzigo huo!" na watu wanapisha.

Siku hiyo nilikuwa nimebeba robota la vitenge la mama mmoja mfanyabiashara kutoka Morogoro. Tulikuwa tunaelekea stendi. Mahali fulani katikati ya mtaa, kamba ya ndala yake ikakatika. Akainama kuitengeneza. Alipoinuka, mbele yake kulikuwa na vichwa vya watu, na mzigo wake haupo. Alishikwa na hofu, na mtu mwenye hofu huchukua neno lililo karibu na ulimi.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Mimi nililisikia neno hilo nikiwa mbele, na wala sikushtuka. Nani anayeshtuka Kariakoo kusikia mwizi? Nikasogea pembeni kidogo ili mwizi apite na wanaomkimbiza wapite. Na kwa kuwa nilikuwa kijana mwema, nikapaza sauti na mimi, "Mshikeni! Asiwapite!" Nikaendelea na safari.

Kofi la kwanza lilinipata sikioni. Kumbe walishaambiwa mwizi ana robota la vitenge. Robota likaanguka, na mimi juu yake. Nilipoinua macho niliona miguu, halafu nikaona mikono, na mikono yote ilikuwa na kitu. Muuza mihogo wa pale kona, ambaye asubuhi ile nilimwamkia akaniitikia marahaba kwa furaha kabisa, alikuwa ameshika ukuni wa jiko lake. Nilimwangalia usoni ili anitambue. Hakunitambua. Alikuwa anamwona mwizi.

Nilifungua mdomo nipige yowe, mwanangu. Halikutoka. Maneno yote yale niliyomwambia mjukuu wangu yapo, na siku hiyo sikuwa na hata moja. Nimeshafiwa na wazazi, nimeshafiwa na mke, lakini upweke wa pale chini, saa sita ya mchana, katikati ya watu ninaowajua, sijaupata tena.

Hapo ndipo kilipopigwa kigelegele.

Kilitoka duka la kanga. Mwenye duka alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kiarabu niliyekuwa nikimbebea mizigo mara kwa mara. Alikuwa na sauti ndogo mno, mpaka wateja walikuwa wanainamia kaunta ili wamsikie bei. Sikuwahi kumsikia akimwita hata paka. Siku ile alitoka mpaka barazani, akasimama juu ya kiti, akapiga kigelegele kirefu, chembamba, kisichokatika.

Na wewe unawajua wanawake wa mji huu. Kigelegele hakiachwi peke yake. Anayekisikia anajibu, awe anamjua bibi harusi au hamjui. Wa duka la pili akajibu, muuza vitumbua akajibu, wa ghorofani wakajibu kwenye madirisha, na kwa dakika nzima mtaa ule ulisahau habari ya mwizi. Wanaume wale walishusha mikono wakageuza shingo.

"Harusi ya nani?" akauliza muuza mihogo, na ukuni wake mkononi.

Alipokuwa bado anatafuta harusi, yule mama wa Morogoro akafika, anahema, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Akaliona robota lake. Akaniona mimi. "Jamani huyu siye!" akasema. "Huyu ni mbebaji wangu!"

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Wengine waliniambia pole. Muuza mihogo alinifuta vumbi mgongoni, akasema, "Tusamehe mwanangu, tulisikia mwizi," akarudi kwenye jiko lake. Ndivyo yalivyoisha kwao.

Bi Zuhura alituingiza dukani mimi na mama yule, akatupa maji. Akamgeukia mwenzangu, na sasa sauti yake ilikuwa imerudi udogo wake.

"Mwanangu, kijana huyu ulikuwa wataka asimame, au wataka auawe?"

"Nilitaka asimame tu, bibi."

"Sasa mbona hukumwita?"

"Ningemwitaje? Sijui jina lake."

"Tangu asubuhi akubebea mzigo, hukumuuliza jina?"

Mama yule alilia. Nilimwonea huruma, kwa kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Bi Zuhura hakumbembeleza. Akanigeukia mimi. "Na wewe Shabani, usimwinamie mtu kuchukua mzigo wake kabla hujamwambia jina lako. Watu wataliitaje jambo wasilolijua jina? Wataliita baya."

Tangu siku ile sikubeba mzigo wa mtu kabla hatujajuana majina. Wenzangu walinicheka, wakasema Shabani anaposa wateja. Nilibeba hivyo hivyo mpaka mgongo ulipokataa.

Siku hizi ninakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, peke yangu. Mke wangu ametangulia, watoto wamejenga mbali, kila mmoja upande wake wa mji. Chini yangu ni maduka. Zamani mtu alinadi kwa koo lake, na ukipita ukamwambia "sauti imekauka leo" anakucheka na kukusalimia. Sasa sauti imerekodiwa kwenye spika, inasema bei zile zile tangu asubuhi mpaka jioni, hata mwenyewe akiwa ameenda kula. Naisikia kutwa. Haijawahi kuniambia mimi neno lolote.

Mwezi uliopita niliteleza bafuni. Mguu ukagoma, na simu iko sebuleni inachaji. Nikaita, "Jamani!" Spika zikanimeza. Nikawaza niseme mwizi. Nikakumbuka ukuni, nikaacha. Na hapa ghorofani ukisema mwizi kila mtu anafunga komeo lake. Nikisema moto, watakimbilia chini. Nikatafuta jina la kuita. Mlango wa mbele yangu kuna familia ya Kihindu, tumekaa jirani miaka, watoto wao wananiamkia ngazini wakipita mbio. Jina la mama yao sikuwa nalo. Mimi, Shabani wa majina, nimelala juu ya vigae na sina jina moja la jirani.

Basi nikapiga kigelegele. Cheka tu, mwanangu, mimi mwenyewe nilicheka pale chini. Mzee mzima, meno ya mbele sina, ulimi haupati pa kugonga. Kilitoka kitu kama birika linalochemka. Nikakirudia. Nikakirudia tena mpaka nikasikia mlango wangu, ambao huwa nauacha wazi kidogo kwa ajili ya upepo, ukisukumwa.

"Babu?" Ilikuwa sauti ya mama wa mbele. "Kuna sherehe humu?"

"Niko bafuni, mama. Nimeanguka. Nimevaa msuli, ingia tu."

Akaja, akashika mdomo aliponiona, akainama kuninyanyua. Nikamzuia mkono.

"Kabla hujaniinua, niambie jina lako."

Akanitazama akidhani nimegonga kichwa. "Hansa," akasema.

"Mimi Shabani. Sasa niinue, Hansa."

Siku hizi kila asubuhi, kabla spika hazijawashwa, ananiita kutoka mlangoni kwake, "Babu Shabani!" nami naitika, "Hansa!" Basi. Halafu anaenda kazini kwake na siku inakuwa ndefu kama nyingine. Lakini asubuhi huwa nimeshakaa karibu na mlango, naisubiri sauti yake.

Kwa hiyo, mwanangu, maneno ya kelele jifunze, ya Kiingereza na ya kwetu, ujue lipi la hasira na lipi la hofu. Usilitupe neno barabarani kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, litampata mtu. Ukitaka asimame, sema simama. Ukitaka msaada, sema nisaidie. Ukisikia watu wanamfukuza mtu, usiitikie kabla hujamwona ni nani. Na majina ya watu uyaulize mapema, wakati huna shida nao, kwa sababu saa ya shida hakuna nafasi ya kuuliza.

Mungu akulinde na midomo ya watu, mwanangu, na watu awalinde na wako. Akupe sauti siku utakayoihitaji. Na ukifika umri wangu, asubuhi akujaalie mtu mmoja, hata awe mmoja tu, wa kukuita kwa jina.