Siku Niliyoachia Breki

Mafuta ya breki yana shombo. Watu wengi hawalijui hilo kwa kuwa hawana sababu ya kuyanusa, lakini mimi nikipita kwa mafundi wa pikipiki pale Gongoni, mmoja wao akiwa amefungua kikopo, harufu ile ya samaki aliyelala hunisimamisha njiani na mfuko wangu wa nyanya. Wameshanizoea. Wananiuliza, dada, una pikipiki gani? Nawajibu sina, nanusa tu. Wanacheka, nami nacheka, kisha naenda zangu nikiwa nimemkumbuka baba.

Baba alikuwa bwana shamba wa tumbaku. Pikipiki yake nyekundu ililala sebuleni na mbuzi wa mama wakalala nje, na mama hakuacha kulisemea hilo. Baba aliitengeneza mwenyewe uani kwetu Ipuli, mjini Tabora, maana hakumwamini fundi yeyote mwenye haraka, na mimi ndiye niliyekuwa mkono wake wa pili. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipewa jina la mama yake, Nyamizi, kwa hiyo baba hakuniita kwa jina wala hakuniita mwanangu, aliniita mama.

Huyo bibi Nyamizi aliishi Goweko, na kila tulipokwenda alinifundisha jambo moja bila kuchoka: mtoto wa kike hamsalimii mkubwa akiwa wima. Unaacha ulichoshika, unapiga magoti, ndipo unasema shikamoo. Hata ukiwa na ndoo kichwani, unaitua kwanza. "Heshima si utumwa," aliniambia, huku kokoto za uani kwake zikinichoma magotini.

Habari kwamba bibi amezidiwa ilitufikia jioni moja, na ilimkuta baba vibaya. Treni ya kupita Goweko ilikuwa imeondoka jana yake, na breki ya mbele ya pikipiki ilikuwa vipande vipande juu ya gazeti. Ile pampu ndogo ya kwenye usukani, inayosukuma mafuta unapobana breki, ilikuwa inavuja, naye alikuwa ameifungua ili abadilishe raba zake. Kulipokucha tu alizipaka raba mpya mafuta, akaiunga pampu, akaijaza, akaanza kubana kidogokidogo mpaka vipovu vikapanda juu kama maji ya ugali yanapoanza kuchemka.

Kilichobaki ni kutoa upepo. Baba alilala chini karibu na gurudumu la mbele na spana yake namba nane, mpira wa dripu ukitoka kwenye breki kuingia katika chupa ya soda yenye mafuta kidogo. Mimi nilisimama juu, vidole vyote vinne kwenye breki.

"Bana, mama."

"Nimebana."

Hapo alikuwa akilegeza nati ya kwenye ule mpira, mafuta yanatoka na vipovu vyake, anaikaza, ndipo anasema, "Achia." Kuachia kabla ya neno hilo ni mwiko, kwa sababu nati ikiwa wazi breki inavuta upepo kurudi ndani na kazi yote inaharibika. Tulikwenda hivyo vizuri, breki ikianza kuwa ngumu mkononi mwangu. Saa tatu ilikuwa haijafika. Kwa njia ile ya vumbi, kabla ya saa sita angekuwa Goweko.

Ndipo akaingia Mzee Saidi, jirani yetu, kuja kumpa baba pole ya mgonjwa. Nilikuwa nimebana, nati iko wazi. Mikono yangu ikaachia yenyewe, magoti yakaenda chini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia baba kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. "Mwangaluka, bwana shamba. Mama anaendeleaje?"

Baba aliikaza nati bila kuangalia, akainuka kumpokea mgeni. Mzee alipoondoka baba akabana breki, ikaenda mpaka mwisho, laini kama embe bovu. Nilijua. Nilijua kabla yake, nikanyamaza, kwa kuwa sikuwahi kuharibu kazi yake hata siku moja. Yeye akadhani ameziweka raba kinyume. Akaifungua pampu yote upya, akazitoa, akazitazama kwenye jua, akazirudisha. Jua likafika utosini. Mama akatoka na furushi la kanga na sukari vya kumpelekea bibi, akauliza, "Bado tu, baba Nyamizi?" Baba akaanza kuifungua pampu kwa mara ya tatu. Hapo nikashindwa kuendelea kuficha.

"Baba, niliachia."

"Saa ngapi?"

"Babu alipoingia."

Baba aliiweka spana chini. "Ulipiga magoti?"

"Nilipiga."

"Haya. Bana tena, mama."

Aliondoka saa saba. Aliporudi baada ya siku nne tulishajua kwamba bibi ametutoka. Akaniweka mapajani, mimi mkubwa hivyo, akasema, "Nilimkuta, tukaongea. Nilimwambia ulivyoiachia breki ukapiga magoti. Alicheka sana."

Kisa hicho nimekisimulia miaka na miaka, hata siku ya kutambulishwa kwa mume wangu, na baba alicheka pamoja na wageni. Nilikuwa nimejaa fahari: bibi aliondoka duniani akinicheka mimi.

Mwaka jana tulimzika baba Goweko. Shangazi, dada yake, alikaa nami jikoni tukichambua mchele, akazungumza tu kama watu wanavyozungumza msibani. Alisema siku ile mama yao alikata roho saa nane mchana. Tangu asubuhi aliuliza kama kuna mlio wa pikipiki. Baba aliingia saa kumi, wameshamfunika.

Niliendelea kuchambua mchele.

Utotoni niliamini baba alinisamehe haraka kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa dogo. Sasa najua alipanda pikipiki na kurudi Tabora akiutunga uongo ule njia nzima, yeye ambaye hakujua kudanganya hata wanunuzi wa tumbaku, na kila nilipokisimulia kisa alifiwa tena na mama yake, akacheka ili nisijue. Natamani arudi siku moja tu, nimwambie najua, tumlilie bibi pamoja.