Kulinda kwa Bunduki au kwa Mdomo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo bado naikumbuka saa kwa saa, ingawa mambo mengi ya miaka ile yameshanitoka kichwani. Ilikuwa Jumanne asubuhi, upande wa Gurei, pembeni mwa mji huu wa Juba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, nimesimama kando ya mzungu mmoja mbele ya watu waliokaa chini, wengi wao wanawake. Nakueleza habari hiyo kwa sababu nimesikia umepata kazi ya ukalimani katika ofisi moja kule Hai Amarat, na mama yako anasema umefurahi sana. Furahi. Lakini kabla hujaenda, keti kidogo unisikilize.

Wakati ule Juba ilikuwa imezingirwa. Jeshi lilikuwa ndani, waasi walikuwa nje, na njia nyingi za kutoka mjini zilikuwa zimetegwa mabomu ya ardhini. Gudele hii tunayokaa leo, yenye maduka na mabasi madogo, ilikuwa nyasi tupu. Gurei ilikuwa kijiji, na pembeni yake waliketi watu waliokimbia mara tatu: kwanza walikimbilia Uganda, halafu vita vya huko vikawarudisha, na vita vya kwetu vikawasukuma mpaka mjini. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiarabu cha Juba wengi walikuwa hawajakizoea. Walichoelewana wote ni Kiswahili cha Uganda, kile cha kambini na sokoni. Mimi nilizaliwa huko Uganda, nikasoma Kiingereza mpaka kidato cha tatu, kwa hiyo shirika moja la msaada likaniajiri niwe mdomo wa mkubwa wao.

Mkubwa huyo tulimwita Khawaja, kama tunavyomwita kila mzungu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea taratibu, na hakuwa mwongo. Hilo ulishike, mwanangu. Hakusema uongo hata mmoja, na bado mtu alipoteza mguu.

Jambo lililotupeleka Gurei asubuhi ile lilikuwa kuni. Mahindi ya msaada yalikuwepo, lakini huwezi kula mahindi makavu. Karibu na nyumba miti ilikuwa imekwisha, hata mizizi ilikuwa imechimbwa. Kuni nzuri zilikuwa ng'ambo ya kijito, upande wa magharibi, na huko wanawake walikuwa wakisimamishwa na watu wenye silaha, wakipigwa, na wengine wakifanyiwa mabaya ambayo hawakuyasema mbele ya wanaume. Khawaja alikuja kusikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, akaandika kwenye daftari lake, halafu akasimama na kusema kwa Kiingereza kwamba shirika lake litafanya kila liwezalo "to protect" wanawake wanaokwenda kutafuta kuni.

Hilo ndilo neno. Nililijua tangu shule ya msingi. Sikufikiri hata muda wa kumeza mate. Nikasema kwa sauti kubwa, "Shirika litawalinda wamama wote wanaokwenda kuni."

Watu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikaona kama makofi yale ni yangu.

Mwanamke mmoja hakupiga makofi. Aliitwa Mama Poni, mke wa Ustaz Eluzai, mwalimu wa Kiingereza ambaye siku hiyo alikuwa amelala nyumbani na malaria. Mama Poni hakujua Kiingereza, ila alikuwa amekaa na mwalimu miaka mingi na alijua kuuliza. Akainua mkono.

"Kijana, mimi iko na swali. Hiyo kulinda ni ya bunduki ama ni ya mdomo?"

Watu wengine wakacheka. Khawaja akanigeukia, akaniuliza mama anasema nini. Hapo, mwanangu, ndipo nilipokosea. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka, na kila mkalimani hukosea kwa haraka. Lakini sasa mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu. Ningeweza kumgeukia Khawaja na kumwuliza vile vile nilivyoulizwa. Niliona aibu. Niliona kwamba nikiuliza, watu watasema kijana huyu hajui Kiingereza. Kwa hiyo nikamwambia Khawaja, "Mama anashukuru." Na Mama Poni nikamjibu, "Kulinda ni kulinda, mama."

Akaniangalia. "Sawa," akasema. "Kama wewe unajua."

Alhamisi yake wanawake tisa walitoka asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Haya nilisimuliwa baadaye na wale waliorudi. Walisimama kwenye njia panda wakingoja walinzi, kwa sababu waliambiwa watalindwa na walijua mlinzi ni mtu mwenye bunduki. Walingoja sana. Hakuna aliyetokea. Wengine wakataka kurudi. Mama Poni ndiye aliyesema, "Labda wametangulia. Labda wako mbele wanatusubiri kwenye kijito." Na kwa kuwa waliamini mtu mwenye silaha ameshapita mbele yao, hawakufuata kile kijia chembamba walichokizoea. Walivuka kijito, wakashika njia pana.

Mimi nilikuwa ofisini nikipanga karatasi. Nilisikia mlio mmoja mzito kutoka magharibi. Siku zile ulisikia milio mingi, ukaendelea na kazi yako. Nikaendelea.

Bomu lile lilitegwa na nani, hakuna aliyejua, na hata leo sijui. Mama Poni ndiye aliyelikanyaga. Wenzake walimfunga paja kwa kitambaa cha kichwani, wakamweka juu ya kanga mbili zilizofungwa pamoja, wakambeba mpaka barabarani, na gari la kanisa likamfikisha hospitali. Madaktari walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Siku ya tatu nikaenda kumwona. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilimkuta amelala, macho wazi, na Ustaz Eluzai ameketi kwenye ukingo wa kitanda, bado amedhoofika kwa homa, akimpepea kwa kipande cha boksi. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, nisamehe."

Mama Poni akasema, "Nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu nilikuuliza. Yule Khawaja, ulimwuliza?"

"Sikumwuliza, mama."

"Basi usiniombe mimi samahani. Mimi nimeshajua. Nenda kawaambie wale ambao watatoka kesho." Akageuza uso ukutani.

Nilitaka kuondoka. Ustaz akaniambia, "Kaa." Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama mwalimu anavyomwuliza mwanafunzi, "Lasuba, Khawaja alisema nini hasa? Kwa Kiingereza chake." Nikamtajia sentensi yote. Akatikisa kichwa.

"Sikiliza, kijana wangu," akasema. "Hilo neno lao ni neno la kawaida sana, na kwa sababu ni la kawaida watu hawaliangalii. Mwavuli ukikukinga na mvua, wao husema hilo. Mbwa akilinda nyumba, hilo hilo. Ukihifadhi mbegu zisiliwe na wadudu, hilo. Mtu akikutetea mbele ya mkubwa, hilo. Mama akimficha mtoto wake nyuma ya gauni, bado hilo. Neno moja. Sisi kwa Kiswahili lazima tuchague. Wewe ulichagua, na hukujua kwamba umechagua."



"Na hata kwa Kiingereza chenyewe," akaendelea, "neno hilo peke yake ni nusu. Lazima ujue nani anafanya, nani anafanyiwa, dhidi ya kitu gani, na kwa kutumia nini. Khawaja alikupa nani na nani. Hakukupa kwa kutumia nini. Mke wangu aliona pengo hilo, na hakusoma hata darasa moja." Alipofika hapo akarudi kupepea. Sikuwahi kusikia akinilaumu zaidi ya hapo, si siku ile wala baadaye.

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa Khawaja. Nikamweleza yote. Akawa mweupe kuliko alivyokuwa. Aliniambia hakuwa na askari, hakuwahi kuwa nao, na hakuruhusiwa kuwa nao. Alichomaanisha ni kwamba angeandika barua kwa wakubwa wa jeshi, angepeleka malalamiko, na watu wake wangetembelea njia ile mchana wapate kuonekana. Nikamwomba turudi Gurei. Hakutaka. Alisema tutaleta hofu. Nikamwambia hofu ipo tayari, kilichozidi ni matumaini ya uongo. Nilidhani atanifukuza kazi. Akachukua kofia yake, tukaenda.

Safari hii watu walikaa bila salamu. Nilisimama nikasema, "Jumanne iliyopita nilitafsiri vibaya. Khawaja hakusema walinzi. Mama Poni aliniuliza swali, sikulipeleka. Kosa ni langu." Mwanamume mmoja akanirushia bonge la udongo, likanipiga begani. Sikulifuta. Kisha nikamgeukia Khawaja, nikamwuliza kwa Kiingereza swali la Mama Poni, la bunduki na la mdomo, neno kwa neno.

 Akasema, "Kwa mdomo tu." Nikatafsiri: "Anasema atatutetea. Kutulinda hawezi."

Watu wakaguna, wengine wakainuka kwenda zao. Lakini mzee mmoja akauliza, "Sasa, kama kulinda hawezi, anaweza nini?" Nikalipeleka swali hilo pia. Na hapo, mwanangu, Khawaja alianza kufikiri kama mtu aliyevuliwa koti zito. Akauliza kama mabanzi ya kiwanda cha mbao pale mjini yanaweza kuwa kuni. Nikatafsiri, na wanawake wakamjibu wenyewe kwa pamoja, "Ndiyo!" Wiki iliyofuata lori likaanza kuleta mabanzi. Hayakutosha, na yalikuwa na moshi mwingi unaochoma macho. Wakakubaliana kupika nyumba nne kwa jiko moja ili yafike mwisho wa wiki. Waliovuka kijito wakapungua sana. Kukinga huko hakukuwa na bunduki, lakini kulikuwepo.

Mama Poni aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alitembea na gongo, akauza karanga, akaona wajukuu. Tukikutana njiani alinisalimu vizuri, akaniulizia watoto. Juu ya mguu wake hatukuongea tena. Kama alinisamehe, hakuniambia, nami sikuona kwamba nina haki ya kudai.

Sasa nikuambie ninachotaka ukibebe. Maneno yatakayokutesa siyo yale magumu, kwa sababu yale magumu utayatafuta kwenye kamusi. Yatakayokutesa ni yale unayodhani unayajua. Mkubwa wako akisema watu watalindwa, usitafsiri kabla hujajua watalindwa na nani, dhidi ya nini, kwa kitu gani, na mpaka lini. Ukiulizwa swali, lipeleke lilivyo, hata kama linamtia mkubwa wako aibu, hata kama linakutia wewe aibu. Usilijibu kwa niaba ya mtu mwingine. Aibu ya kuuliza huisha kabla ya chakula cha mchana. Na ukikosea, maana utakosea, rudi mbele ya watu wale wale uliowakosea, useme kwa lugha ile ile waliyokusikia nayo.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla ya ulimi, akutangulie katika kila kikao, na kila anayetoka nyumbani kwake kwa kuliamini neno lako, amrudishe kwa miguu yake miwili.