Kwenda Kuipokea Mvua Goweko

Safari ya kwenda Goweko ilinuka mafuta ya treni, maganda ya machungwa na kuku wa kuchemsha. Niliondoka Morogoro jioni na begi langu la kitambaa, nikiwa nimekabidhiwa kwa mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa akirudi Kaliua. Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amejifungua mapacha, chumba chetu kilikuwa kimoja, na baba akaamua nikakae kwa dada yake mpaka mambo yatulie. Dodoma ilinipita usingizini. Saranda niliamshwa na kelele za wauza kuku madirishani. Baada ya Itigi msitu ukawa ule ule, miti myembamba isiyo na majani, vumbi, anga jeupe kama bati. Niliposhuka Goweko nikitafuna mchanga, mume wa shangazi, Baba Maganga, alinipokea, akafunga begi langu kwenye baiskeli na kusema, "Shangazi yako yupo nyumbani. Leo anga halina kitu, kwa hiyo yupo." Sikumwelewa.

Nilimwelewa mawingu ya kwanza yalipokuja. Shangazi alikuwa mkulima wa tumbaku kama majirani zake wote, mnene, mcheshi, sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisani, lakini ngurumo ikisikika tu aliepua chungu motoni, akajifunga kanga ya pili, akachukua baiskeli ya mumewe na kuondoka. Hakuwa akifuata kitu chochote huko. Alikuwa anakwenda kuipokea mvua. Siku ya kwanza aliponipakia nyuma tulipita barabara ya zamani ambayo watu walisema misafara ya pembe za ndovu iliifuata kwenda Tabora, ambayo sasa ilikuwa njia ya mikokoteni ya ng'ombe, tukapanda hadi kwenye nyumba ya tofali waliyoihama wafanyakazi wa reli. Kutoka pale mbuga yote ilionekana. "Kaa katikati, usiegemee ukuta," aliniambia. Mvua ilikuja ikitembea kutoka upande wa Tabora, nguzo ya kijivu yenye ukingo mweupe, na mbele yake upepo ulilaza nyasi kana kwamba kuna mtu anazipiga pasi. Wingu liliwaka ndani kwa ndani kabla halijanguruma. Nilianza kulia. "Unaogopa?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Hata mimi naogopa," alisema. "Sogea huku uone vizuri."

Tangu siku hiyo sikumwacha aende peke yake. Tulirudi tumelowa, tukiokota uyoga msituni siku zilizofuata, na jioni tukikinga kumbikumbi kwenye beseni. Majirani walimtania kutoka mashambani. "Mama Maganga, mchumba wako kaja?" "Kaja, na leo kavaa nyeusi," aliwajibu bila kupunguza mwendo. Kupita kwake kulikuwa na faida. Miche ya tumbaku ya kijiji kizima ilikuwa kwenye vitalu kando ya kijito, na wiki za mwisho kabla ya kuihamisha shambani huondolewa nyasi zinazoifunika ili izoee jua. Watu walipoona baiskeli ya shangazi inapita, walikimbia kuifunika tena. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilitokea tu ikawa kawaida.

Ila mtu akionekana kila mara mahali pamoja na kitu, watu huanza kumhusisha nacho. Mvua moja ya mawe ilipiga mahindi ya Mzee Lufega, jirani yetu wa karibu, na ikasemwa kwamba shangazi ndiye anayeionyesha njia. Jumapili moja baada ya ibada Mzee Lufega alikuja na wazee wenzake, kuku kafungwa miguu, na sahani ya unga. Shangazi aliwaamkia. "Marahaba, mayu," alijibu mzee, kwa neno la Kinyamwezi la kumheshimu mama. "Hatukulaumu. Tunakuomba tu. Miche ni midogo. Msimu huu usiende kuipokea. Ukitulia nyumbani, nayo itatulia."

Shangazi alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Baba Maganga alikuwa anatazama chini. Tumbaku si kazi ya nyumba moja. Bani, yaani banda la kukaushia majani, hujengwa na majirani na hujazwa na majirani, na familia iliyotengwa ingeozewa na majani shambani. Shangazi akampokea kuku.

"Sawa," alisema. "Nitakaa."

Wingu lilikuja wiki ile ile, mchana, limebeba rangi ya kijani tumboni. Shangazi alisimama mlangoni, akanusa hewa, akashika usukani wa baiskeli. "Uliahidi," mumewe alimwambia taratibu. Aliiachia, akaketi kizingitini akisokota pindo la kanga. Wenzetu walikuwa wanapiga matuta mashambani. Wingu waliliona, lakini baiskeli haikupita, wakasema hilo ni la kupita tu. Mawe yalipoanza kugonga bati hatukusikiana. Miche ya kila mtu ilisagwa, na yetu pia.

Asubuhi Mzee Lufega alikuja peke yake, suruali imejaa tope.

"Mayu, jana hukupita."

"Nilikaa kama mlivyoniomba."

"Tulikuwa tunangoja upite, tufunike."

Walitazamana, na shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akicheka huku anafuta machozi, mpaka mzee naye akashindwa kujizuia. "Basi rudi kwenye kazi yako," alisema.

"Siyo kazi, baba. Ni starehe yangu."

"Hata hivyo, rudi. Na yule kuku?"

"Tumeshamla."

Miche tuliomba vijiji vya mbali, tukapanda kwa kuchelewa, tukachuma majani madogo. Lakini bani letu lilijazwa na watu wengi kuliko mwaka mwingine wowote.

Sasa nina miaka arobaini na kitu na sijawahi kukaa mji mmoja muda mrefu. Nimefanya kazi za malori, za maghala, za reli, na kila nilipokuwa, nimetafuta kilima chenye upeo mpana. Simu yangu hunitangazia mvua kabla haijaja, na picha zangu za radi hupendwa na watu nisiowajua. Ninashukuru kwa hilo. Lakini hakuna anayeacha jembe na kukimbilia kitaluni kwa kuniona mimi napita.

Niliondoka Goweko moja kwa moja mwaka uliofuata ile mvua ya mawe, mitihani ilipokwisha. Treni ilikuwa imeshasimama kituoni anga lilipoanza kunguruma nyuma yetu. Shangazi alinishika bega, macho hayatulii.

"Linakuja hilo," nilimwambia.

"Nimeliona. Lakini mtoto anasafiri."

"Nenda, Shangazi. Treni itanipeleka."

Alinikumbatia kwa nguvu hadi nikakosa pumzi, akapanda baiskeli na hakugeuka. Nililia, nadhani kwa wivu. Kisha treni ikaanza kwenda kando ya kijito, na dirishani nikawaona: Mzee Lufega mbele, wake kwa waume nyuma yake, kila mmoja na mzigo wa nyasi kichwani, wanakimbia kwenye vitalu, na jua lilikuwa bado linawaka.